Funza Kwenye Ngwara

Mama Doreen alikuwa ameshalijaza upepo bomba la dawa mgongoni, tayari kupulizia maharage yake ya ngwara yaliyovamiwa na vidukari, ndipo alipomwona yule funza.

Alikuwa wa kijani, hana miguu, mdogo kama punje ya mchele. Alimnasa kidukari mdomoni, akamwinua juu na kumfyonza mpaka ikabaki ngozi tupu. Akaitupa, akashika mwingine. Juu ya maua, nzi wembamba wenye mistari ya manjano walikuwa wametulia hewani, mabawa yakitetemeka. Mmoja alishuka akataga yai katikati ya vidukari.

Kumbe huyo ndiye mama wa funza. Dawa ingewamaliza wote.

"Baba Doreen, njoo uone!" aliita.

Hakuna aliyeitika. Baba Doreen walimzika pale kijijini Qurus kabla ya masika, na tangu hapo hakuwa na mtu wa kumwonyesha kitu.

Ng'ambo ya mpaka wa shamba, jirani yake aliacha kupalilia, akasimama na jembe lake.

"Mama Doreen, unamwita nani?"

Alilishusha bomba chini.

"Nakuita wewe," alisema. "Njoo uone."