Pumzi za Mtu Mtulivu

Mashine ya kupumulia ya nyumbani hufuata pumzi za ndugu wa mgonjwa; ndugu huyo huvaa mkanda kifuani. Mbonea alipumuliwa na mkewe, Nakiete. Kila Nakiete alipovuta pumzi ndefu ya majonzi, mashine ilisukuma hewa kupita kiasi, na mapafu ya mumewe yakachanika kidogo.

"Mama Naelijwa, umemchana tena," muuguzi alimwambia Nakiete, akitazama picha ya kifua cha Mbonea.

"Nilimkumbuka alivyokuwa akicheza harusini."

"Mkumbuke polepole basi," Mbonea alisema chini ya barakoa. "Nami sijaenda mbali."

Nakiete akacheka, mashine ikalia. Siku hiyo hiyo muuguzi alimvua mkanda. Kwa sheria, ulihamia kwa mtu mtulivu wa mji mwingine, asiyemjua mgonjwa, na mashine ikafuata pumzi zake kutoka huko.

Mapafu yalianza kupona, na Nakiete akawa huru kulia apendavyo. Alilala kando ya mumewe, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Kifua cha Mbonea kiliendelea kupanda na kushuka taratibu, kwa mwendo wa mgeni. Baada ya kitambo, Nakiete naye akaanza kuufuata mwendo huo, ili waende pamoja.