Punje Tatu za Kahawa

"Waliorudi kutoka uhamishoni walitoa mikono yao kwamba watawaacha wake wa kigeni," alisema mzee wa usharika, kidole kikiwa bado ndani ya kitabu cha Ezra. "Na wewe umerudi kutoka vita vya Burma ukaoa Mwislamu. Ukitaka kurudi mezani pa Bwana, toa mkono kwamba utamwacha."

Mke wangu Mastura aliingia na kikapu cha kahawa ya kutafuna, mtoto wetu mgongoni. Akapiga magoti.

Kwetu Uhaya, anayekataa kahawa amekataa nyumba.

Mzee alitazama majani yaliyotandikwa sakafuni. Hakupokea. Mastura akabaki amepiga magoti, kikapu mikononi, mpaka nilipochukua mimi punje tatu ili aweze kuinuka.

Hakuinuka. Alikuwa ananitazama.

"Na mtoto je?" nikauliza.

"Hata wale walikuwa na watoto. Imeandikwa."

Mzee akanyoosha mkono wake, akasubiri. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kahawa. Punje zilikuwa na joto la jua la uani, alikozianika Mastura mwenyewe.

Nikazirudisha kikapuni, moja moja.