Jani Lenye Meno Upande Mmoja

“Nje kuna macho ya watu. Majani nitakuletea mimi,” mumewe alisema, akafunga mlango kwa nje.

Mwanzoni mke alidhani ndiko kupendwa. Wanangu, mtu akianza kukuchumia hata majani ili usitoke, shtuka.

Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo. Asubuhi jua lililaza vivuli vya nondo mezani, naye akavifuata kwa wino wa njano kwenye karatasi. Huo ulikuwa mkono wa kwanza wa rangi. Ulipokauka, alipaka jani wino wa kijani, akaligandamiza juu ya ile njano, akasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mkono wa mwisho ulikuwa mweusi. Rangi zilipopandana, ungedhani ni maji yanayometameta chini ya mti. Watu walinunua bila kuuliza ni picha ya nini. Mume ndiye aliyezipeleka dukani. Mke mwenyewe hata mlango wa duka hakuujua.

“Nataka nikamwone baba,” alimwambia, si mara moja.

“Baba yako ana kazi zake. Na wewe una zako.”

Jioni moja mume alirudi, akamwaga mezani vya mifukoni kama kawaida yake: majani, unyoya, simu, funguo, kipande cha gome. Akaenda kuoga huku akiimba. Mke akawahi rola ya wino mweusi.

Mume alipotoka na taulo, aliinamia picha mbichi. Katikati ya majani mapana palikuwa na majani membamba, meusi, yenye meno upande mmoja, yamesambaa kama yanapeperushwa.

“Hili mbona silijui? Nilikuletea lini?”

“Unaleta kila jioni. Wewe tu huangalii.”

Mume akacheka. “Macho yangu yote yako kwako.” Akaokota vitu vyake mezani, akavitazama vidole. “Loo! Humu ndani kila kitu kina wino!”

“Ndiyo ujue umeoa mchapaji.” Kisha akaongeza, taratibu, “Hiyo usiiuze. Mpelekee baba.”

“Ataitundika wapi, kwenye kile kibanda kimejaa unga wa chuma?”

“Palepale anapotundika vitu vyake. Nimekulia pale, nafasi ipo. Akiipata hataulizauliza tena mbona sionekani.”

Hilo likamwingia mume. Kesho yake akaiviringisha picha, akampelekea mkwewe kwa mkono wake, akarudi kifua mbele.

“Mzee kaipenda! Kavaa miwani, kaigeuza huku na huku, hata kuniaga kasahau.”

Asubuhi iliyofuata akafunga mlango, akaenda zake. Mke hakugusa wino siku hiyo. Alikaa kitini, mikono mapajani, akitazama vivuli vya nondo vikitambaa mezani.

Mchana kitu kikaingia kwenye tundu la kitasa. Kikakwama. Kikatoka. Mumewe hakuwahi kuhangaika na mlango ule. Nje ikasikika tupa ikikwaruza chuma, kwaru, kwaru, kisha kimya. Kikaingia tena, safari hii kikazunguka.

Baba yake alisimama mlangoni, ufunguo mpya uking'aa mkononi.

“Jino la tatu umelizidishia wino, mwanangu,” alisema. “Vaa viatu.”