Peremende ya Loretta

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshatuambia: hapa kauntini, kesi za kukaba mtu koo karibu zote huishia hivi. Mwanamume anakiri kosa dogo la kupiga, anawekwa chini ya uangalizi badala ya jela, anarudi zake nyumbani.

"Nikusomee mimi maelezo yako kwa jaji, mjukuu wangu," nilimnong'oneza Loretta. "Wewe sauti huna tangu yule akukabe."

"Acha, bibi. Nipe peremende tu, zile zako za kanisani."

Akaimumunya kidogo, akaitema kiganjani mwangu kama alivyozoea utotoni, akasimama kusoma.

Jaji tayari alikuwa ameshika kalamu ya kutia sahihi makubaliano ya kukiri kosa dogo. "Paza sauti, binti. Sikusikii."

"Siwezi, Mheshimiwa. Hii ndiyo sauti aliyoniachia aliponikaba."

Jaji akaiweka kalamu chini.