Mashine ya Mama Eva

Mwalimu Veneranda alifungua kinywa kuwaambia watoto wakae, sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa umenata kaakaani kama uliopakwa gundi. Darasa la tano wakabaki wamesimama, wakatazamana. Mmoja akacheka, na darasa zima likamfuata.

Hakutoka nje. Alisubiri wamalize, akanywa maji kwenye kikombe, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sasa kaeni. Ukurasa wa arobaini."

Kinywa kikavu kilikuwa si kitu mbele ya yale aliyoyapitia. Mwaka mzima alikuwa akisinzia amesimama, chaki mkononi, hata mwalimu mkuu akamwandikia barua: akisinzia tena, jina lake litapelekwa wilayani, kwenye orodha ya watakaopunguzwa kazi. Ndipo daktari mmoja mgeni, wa hospitali ya misheni huko milimani, alipogundua kwamba Veneranda akilala pumzi yake hukatika, tena mara nyingi kwa usiku mmoja. Daktari huyo alipomaliza mkataba akamwachia mashine: kisanduku cha kupuliza hewa, bomba, na barakoa ya puani ya kufungwa kwa mikanda. Tangu hapo hakusinzia tena darasani.

Shida ikawa huo ukavu. Kila alfajiri aliamka midomo imepasuka, koo linawaka.

"Si uiache tu?" mumewe Yona alimwambia asubuhi moja, akimimina chai. "Mtu mzima kulala na pua ya tembo! Mpaka sokoni wanatucheka."

"Waache wacheke, Baba Eva. Mimi siiachi."

Yona alikuwa na mwaka na nusu yuko nyumbani. Shamba la mkonge alilolifanyia kazi miaka ishirini liliuzwa kwa tajiri, na jina lake likatangulia kwenye orodha ya waliotolewa. Pembeni ya jina msimamizi alikuwa ameandika neno moja: mvivu. Neno hilo lilimuuma kuliko kuikosa kazi yenyewe. Mashine ilipoingia nyumbani alihamia chumba cha binti yao Eva, aliyekuwa shule ya bweni. Alidai kelele zinamnyima usingizi.

Veneranda alipambana. Alipaka midomo mafuta ya nazi. Alitundika taulo lililoloa dirishani, maana upepo wa Same hukausha hata nguo za ndani ya nyumba. Alijifunga kidevu kwa kipande cha kanga ili mdomo usifunguke usingizini. Vyote vilisaidia kidogo, hakuna kilichoumaliza ukavu. Mwishowe akaenda zahanati kwa nesi Zaituni, ambaye aliwahi kufanya kazi na yule daktari.

"Kile kibakuli cha maji cha kwenye mashine, unakijaza?" Zaituni aliuliza.

"Kila asubuhi, nikimaliza kutandika. Maji ya kuchemsha, mpaka kwenye mstari."

"Na unapopanda kitandani, unakiangalia?"

Veneranda akatikisa kichwa.

Jioni ile alikiangalia. Maji yaliyobaki yangetosha kulowesha kidole. Mikanda, ambayo aliiacha imekazwa, ilikuwa imelegezwa yote.

Na mchana nyumba ile ilibaki na mtu mmoja tu.

Sasa akaelewa kwa nini Yona amechangamka siku hizi. Aliyekuwa akishinda barazani kama mgonjwa, sasa anaimba akikarabati banda la kuku, amelima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, anataniana na majirani. Kumbe anafurahia! Anamwaga maji, analegeza mikanda, anangoja mkewe ashindwe, asinzie, afukuzwe, wakae wote wawili barazani.

"Hanijui," Veneranda alijisemea, akakaza mikanda upya.

Hakugomba. Kesho yake, saa nne, aliomba ruhusa shuleni akaenda moja kwa moja sokoni kwa Mzee Tumainieli, kaka mkubwa wa Yona, aliyekuwa ameshuka kutoka Chome kuuza tangawizi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, shemeji. Mbona umekunja uso hivyo?"

Akamweleza yote, bila kulia. "Nataka umkute kwa macho yako," alimaliza. "Akikana, akane mbele yako. Na akiniambia nichague kati yake na mashine, usishangae nitakachochagua."

"Shemeji, hayo ni maneno mazito."

"Nimeyapima, kaka. Kushindwa kupumua nakujua mimi."

Mzee Tumainieli akamwachia jirani magunia yake, akamfuata.

Waliingia kwa uani. Bustanini jembe lilikuwa limelazwa, udongo wake bado mbichi, Yona mwenyewe hayupo. Kutoka chumbani mashine ilisikika ikivuma. Veneranda alihisi damu inampanda kichwani. Kumbe maji hayamtoshi, sasa anataka kuiunguza kabisa! Akausukuma mlango kwa bega, maneno yote aliyoyapanga yako tayari mdomoni.

Yona alikuwa amelala chali kitandani, barakoa puani, mikanda imelegezwa ikaenea kichwa chake kikubwa, kifua kikipanda na kushuka taratibu bila kukatika.

Mzee Tumainieli akafungua kinywa. Veneranda akainua mkono kumzuia.

"Tutoke polepole, kaka," alinong'ona. "Mwache alale."