Punje Tatu Kikombeni

Mtafiti wa afya ya akili alimpa Nasra kiganja cha mahindi na kikombe cha bati.

"Usijibu kwa mdomo, dada. Jambo lisipokupata wiki hii, usitie kitu kikombeni. Likiwa la kila siku, tia punje tatu."

Watafiti walibuni njia hiyo ili watu wa nyumbani wasisikie majibu, ila hawakufikiria kwamba bati hulia punje ikidondoka. Shaame, mumewe, alikuwa amekaa kizingitini akiwapa mgongo, na alikuwa ameacha kutafuna muwa wake ili asikilize vizuri.

"Je, unamwogopa mtu yeyote unayeishi naye?"

Polepole Nasra akasokomeza ncha ya kanga yake ndani ya kikombe, akalaza juu yake punje moja, ya pili, ya tatu. Hakikusikika kitu.

Mtafiti alitazama kikombe, akamtazama na yeye. Akaendelea kusoma swali jingine kwa sauti ileile, huku mkono wake ukiandika pembeni mwa dodoso: *Tuondoke sasa hivi. Vaa viatu.*

Nasra akayasoma, akageuka kuvitafuta viatu vyake. Vilikuwa mlangoni, na Shaame alikuwa ameshika kimoja, akikipangusa vumbi taratibu.