Fulana Zenye Uso wa Kasmir

Wasichana kama arobaini walikuwa wamejaa langoni mwa chuo na mashada ya maua. Odilia aliwapita akiwasukuma kwa bega, kama anavyopita katikati ya mikokoteni ya mizigo sokoni Xiaobei.

"Shuaige! Shuaige!" walipiga kelele walipomwona mdogo wake Kasmir nyuma yake. Mvulana mzuri. Mmoja alikuwa analia machozi.

"Dada, wasalimie basi."

"Niwasalimie? Hao ndio waliokuponza. Ungekuwa na sura kama ya kocha wako, leo ningekuwa kwenye maonyesho ya biashara Pazhou na wateja wangu."

Tangu Januari walikuwa hawajakaa pamoja. Kasmir alikataa kwenda nyumbani Moshi kwa sababu ya nusu fainali, na Odilia hakuwa amemsamehe. Lakini barua ya chuo ilipokuja, mtu wa kwanza Kasmir kumpigia simu alikuwa yeye.

Barua ilisema hivi: mchezaji wa kikapu anayesomeshwa na chuo haruhusiwi kuuza sura yake. Mwezi Aprili fulana zenye uso wa Kasmir zilianza kuuzwa mtandaoni, na wasichana wakazigombania. Chuo kikasema mwuzaji ni yeye. Kamati ya nidhamu ikiamini hivyo, ufadhili unakatwa na kibali chake cha kuishi China kinakwisha pia. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja amalize.

"Niambie kwa mara ya mwisho," Odilia alisema kwenye ngazi. "Uliuza?"

"Sikuuza. Hata picha yenyewe sikumbuki kuipiga. Na zile nywele, dada! Mimi lini nilifuga nywele vile? Wamenichezea kwa kompyuta."

Odilia hakuwa ameiona fulana hata moja. Alipoanza kuzitafuta zilikuwa zimeshaondolewa sokoni, na nakala ya picha iliyoambatanishwa na barua ilikuwa doa jeusi tu.

Mlangoni aliwasubiri Bertila, mama wa Moshi mwenzao, aliyekaa Guangzhou miaka kumi na tisa akiwatafsiria wafanyabiashara.

"Odilia, nakujua. Ukiwatukana, nitafsiri au nipunguze makali?"

"Tafsiri yote, mama. Usipunguze hata moja."

Wajumbe wa kamati walikuwa watano, nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na kikombe cha chai chenye kifuniko. Mwanasheria wa chuo alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimkera Odilia kuliko matusi. Alisema chuo kinampenda Kasmir. Alisema kila mtu anampenda Kasmir.

"Mnampenda!" Odilia alisimama. "Ukutani kwenu uso wake una urefu wa ghorofa mbili. Nani alimlipa kwa huo? Kwenye tiketi yumo, kwenye vikombe yumo. Mkiuza nyie ni mapenzi, akiuza mwingine ni kosa?"

Bertila alitafsiri yote. Mjumbe mmoja alikohoa. Mwanasheria akainamisha kichwa kama anayeshukuru.

"Tulikwenda kiwandani," alisema. "Mwenye kiwanda ameeleza. Mwezi Januari mteja Mwafrika aliagiza fulana mia mbili kwa haraka, akazichukua zote siku mbili baadaye. Ili apunguziwe bei, alikubali muundo wa picha ubaki pale, kiwanda kiutumie. Wasichana walipoanza kumtafuta mchezaji huyu, mwenye kiwanda aliukumbuka ule uso."

"Mwafrika!" Odilia alipiga meza. "Mtaa mzima wa Dengfeng ni Waafrika. Nani asiyeacha muundo kiwandani apunguziwe bei? Mimi mwenyewe naacha kila mwaka. Kwa hiyo na mimi mwizi?"

"Dada," Kasmir alinong'ona, "kaa."

"Sikai! Kuna mtu amemuuza mdogo wangu kwa punguzo la yuan mbili, na mtu huyo nitamjua leo. Nitamfuata hadi dukani kwake. Nitamwaibisha mbele ya wateja wake, ajue mtoto wa watu hauzwi."

Mwanasheria alisubiri amalize, kisha akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa.

"Hii ndiyo fulana ya kwanza kabisa, sampuli iliyobaki kiwandani. Zilizouzwa Aprili zilinakiliwa upande wa mbele tu. Hii ina maandishi mgongoni, na si Kichina wala Kiingereza. Tumeambiwa ni lugha ya kwao mchezaji. Tunauliza tu: nani mwingine katika mji huu angeweka uso huu na maneno hayo pamoja?"

Alimkabidhi Bertila fulana ikiwa bado imekunjwa, mgongo juu. "Tafadhali, isomee kamati."

Bertila aliivuta karibu. Midomo yake ilianza kutembea, ikasimama. Akaifunua upande mmoja, akaitazama sura iliyokuwa mbele, akaifunika haraka kwa kiganja.

"Odilia," alisema kwa sauti ndogo. "Tuombe dakika tano, mwanangu. Tutoke nje."

"Hatutoki. Kuna jina?"

"Yapo."

"Basi soma! Soma kwa nguvu, wasikie hadi wale wa langoni."

Bertila alimtazama Kasmir, kisha Odilia, kisha akarudisha macho kwenye kitambaa cheusi.

"'Kwaheri Baba,'" alisoma. "'Kama ulivyokuwa ujanani, ndivyo tutakavyokukumbuka. 1957 hadi 2025. Sisi wanao, Odilia na Kasmir.'"